Kihisi cha pembe ya bawa kinaaminika kiasi gani?

Pembe ya bawa ni mwinuko wa bawa la ndege ukilinganishwa na upepo unaolijia kwa mbele. Haihusiani moja kwa moja na pua kutazama juu, kwani hata ndege inayoshuka inaweza kuwa na pembe kubwa. Ikizidi mno, kwa kawaida karibu na digrii 15, hewa huachana na mgongo wa bawa na ndege hukosa nguvu ya kuibeba.

Kihisi chenyewe ni kijibawa cha chuma kilichochomoza ubavuni mwa pua, kinachozunguka kufuata upepo. Ndani kina umeme wa kukipasha joto kisigande barafu. Ni kifaa imara, na huharibika mara chache. Lakini kikikosea hakinyamazi. Huendelea kutoa namba, na kompyuta haina macho ya kuona kama kimepinda.

Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya Lion Air aina ya Boeing 737 MAX ilianguka Indonesia, wakafa watu 189. Kihisi cha kushoto, ambacho kilikuwa kimetoka kubadilishwa, kilisoma takribani digrii 21 zaidi ya kile cha kulia. Mfumo wa MCAS, yaani programu ya kompyuta inayoshusha pua yenyewe pembe ikionekana kuzidi, ulisikiliza hicho kimoja tu, ukawa unaisukuma pua chini tena na tena. Kwangu mimi, kosa kubwa liko hapo: uhai wa abiria uliachiwa shahidi mmoja. Machi 2019 yakajirudia Ethiopia, watu 157. Siku hizi MCAS hulinganisha vihisi viwili, na vikitofautiana kwa digrii 5.5 au zaidi, haifanyi kazi.

Je, vikiwa vitatu? Airbus A320 inavyo vitatu, na bado moja ilianguka karibu na Perpignan, Ufaransa, tarehe 27 Novemba 2008, ikaua watu 7. Siku chache kabla, ndege hiyo ilioshwa kwa maji bila vihisi kufunikwa. Maji yakapenya ndani, na huko juu yakaganda. Vihisi viwili vikakwama karibu mahali pamoja, kompyuta zikafuata walio wengi na kukikataa cha tatu, ambacho ndicho kilichokuwa kizima.

Kwa hiyo idadi peke yake haitoshi, maana maji yale yale huweza kuharibu vyote. Ndiyo sababu wahandisi huongeza pia makadirio ya pembe yanayokokotolewa kutokana na vipimo vingine vya ndege, bila kutegemea kijibawa chochote.