Kuzima intarapti si kufunga kufuli

Wiki hii nimekagua draiva nyingine tena ya Linux (programu inayoendesha kifaa) inayolinda foleni yake kwa local_irq_disable peke yake, yaani kwa kuzima intarapti, zile ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa kazi yake, na juu yake mwandishi ameweka maelezo: "Intarapti zimezimwa, hakuna atakayeigusa." Wapo watakaoigusa: kori zote zilizobaki, yaani viini vingine vya prosesa.

Amri ya cli kwenye x86 inafuta biti moja tu, ya 9 katika rejista ya bendera, na kila kori ina rejista yake. Kori 0 ikiziba masikio, kori 3 inaendelea kupokea pakiti na kuzipanga kwenye foleni ileile. Zamani Linux ilikuwa na cli() iliyozima intarapti kwenye mashine nzima, ikaondolewa kwenye mfululizo wa 2.5, mwaka 2002. Imani imebaki. Kufuli linazuia kori nyingine isiiguse foleni. Kuzima intarapti kunazuia kori yako isikatizwe ikiwa imeshika kufuli, kisha msimbo wa intarapti ukalitaka kufuli hilohilo na kumsubiri milele yule uliyemkatiza. Vyote viwili vinahitajika, ndiyo maana kuna spin_lock_irqsave, inayofanya yote mawili. Na hata kwenye kori yako, NMI (intarapti isiyozimika kwa cli) inapita, na kugawa kwa sifuri kunazua hitilafu yake kama kawaida.

Kinachoniudhi zaidi ni namna watu wanavyofungua. Funksheni A inazima intarapti, inaita B. B nayo inazima, inafanya kazi yake, inamaliza kwa local_irq_enable, inayoziwasha bila kuuliza. Tukirudi A, mlango uko wazi na A haina habari. Ukiijaribu B peke yake, haina kosa. Ukiijaribu A, karibu kila mara inapita, kwa sababu intarapti lazima idondoke kwenye amri chache tu kati ya kurudi kwa B na mwisho wa A. Nimewahi kufukuza kosa la namna hii kwa siku nyingi. Nilichokuwa nacho mkononi ni orodha ambayo kielekezi chake kimoja kilielekea kwenye kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa. Dawa ni local_irq_save: inahifadhi hali uliyoikuta, na local_irq_restore inairudisha hiyohiyo, hata kama ilikuwa imefungwa. Flags hizo, yaani hali iliyohifadhiwa, zikae ndani ya funksheni. Ukiziweka kwenye muundo unaotumiwa na kori nyingi, utarudisha hali ya kori ya mwenzako.

Muda wa kuzima, vitabu vinasema "mfupi". Mpaka leo sina kipimo ninachokiamini: nimeshaandika sehemu niliyoiona fupi kwa macho, nikaipima, nikakuta kitanzi ndani yake kinarefuka kadiri foleni inavyojaa. Wakati huo APIC ya kori (kidhibiti chake cha intarapti) inaweka biti moja kwa kila vekta, yaani namba ya intarapti, inayosubiri, kwa hiyo intarapti nyingi za vekta moja zinaungana. Usihesabu matukio kwa kuhesabu intarapti. Maliza foleni yote ya kifaa.

Kisha kuna PREEMPT_RT, mpangilio wa Linux kwa kazi zisizovumilia kucheleweshwa, iliyoingia rasmi kwenye Linux 6.12 mwaka 2024. Ukiiwasha, spin_lock_irqsave ya kawaida haizimi tena intarapti. Raw_spin_lock_irqsave ndiyo inayozima. Nimemrudishia mwandishi wa draiva kazi yake nikimwomba afute yale maelezo na badala yake aandike foleni hii inaguswa na nani, kutoka wapi.