Je, wajua kwa nini, kati ya sayari za nyota nyingine, zilizo karibu sana na nyota zake ndizo rahisi kunaswa?

Utaridi, sayari iliyo karibu kuliko zote na Jua letu, hulizunguka kwa siku 88. Sasa fikiria dude lenye uzito wa karibu nusu ya Mshtarii (Jupita), sayari kubwa kuliko zote za Jua letu, linalomaliza mzunguko wake kwa siku nne na saa tano hivi. Mwaka wa kule ukianza Jumatatu asubuhi, Ijumaa mchana umekwisha.

Ndiyo 51 Pegasi b, iliyotangazwa Oktoba 1995 na Waswisi wawili, Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz. Ni sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota ya aina ya Jua letu, na mwaka 2019 iliwapatia Tuzo ya Nobeli ya Fizikia. Wenyewe hawakuiona. Iko umbali wa kama miaka 50 ya mwendo wa nuru, tena imezama ndani ya mng'ao wa nyota yake. Kwa akili ya kawaida, sayari iliyojificha hivyo ingekuwa ya mwisho kupatikana. Mbona ikawa ya kwanza?

Umewahi kumshika mtoto mikono miwili ukamzungusha hewani? Yeye anapaa, lakini na wewe hutulii: unaegemea nyuma, miguu inachora kijiduara chini. Nyota nayo hufanyiwa hivyo na sayari yake. Sayari ikiwa nzito na ikiwa karibu, nyota huyumba kwa kasi zaidi. 51 Pegasi huyumba kwa mita 56 kwa sekunde, yaani kama kilomita 200 kwa saa, mara inatujia, mara inatukimbia.

Kuyumba huko husomwa kwenye rangi. Mwanga wa nyota ukitawanywa kama upinde wa mvua, huonekana mistari myembamba ya giza iliyoachwa na elementi zilizomo kwenye nyota. Nyota ikitujia, mistari hiyo husogea upande wa buluu. Ikituacha, husogea upande wa nyekundu. Ni kama honi ya basi, inayobadilika sauti likishakupita. Ila hapa msogeo ni sehemu moja tu katika sehemu milioni tano. Mayor na Queloz waliupima kwa chombo kiitwacho ELODIE, kwenye kituo cha falaki cha Haute-Provence kusini mwa Ufaransa, na kwa sababu kuyumba huko kulijirudia kila baada ya siku nne, hawakuhitaji kuzeeka wakisubiri. Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12 kumaliza mzunguko mmoja, na hulitikisa Jua kwa mita 12.5 tu kwa sekunde. Dunia? Sentimita 9. Huo ni mwendo wa kobe, na si fumbo.

Njia hiyo ina kasoro. Hatujui kama tunautazama mzunguko kwa ubavu au kwa juu, kwa hiyo uzito unaopatikana ni wa chini kabisa. Huenda sayari ni nzito zaidi. Tiba yake wengi wa Afrika Mashariki, pwani na bara, waliiona Juni 6, 2012, Jua lilipochomoza likiwa na kidoa cheusi usoni. Kilikuwa Zuhura, akikatiza kati yetu na Jua hadi kama saa moja na dakika hamsini asubuhi. Kidoa kile kilipunguza mwanga wa Jua kwa sehemu moja hivi katika elfu. Nyota ya mbali hatuioni uso, bali tunaweza kupima mwanga wake ukipungua na kurudi, na hapo tunajua kuwa mzunguko tunautazama kwa ubavu.

Hapo pia ukaribu unasaidia. Sayari inayoizunguka nyota kwa siku chache ina nafasi moja kati ya 10 hivi ya kutukatizia. Iliyo mbali kama Dunia ilivyo na Jua, moja kati ya 200.

Mwaka 1999 timu mbili za Marekani ziliishuhudia sayari ya nyota HD 209458 ikikatiza, na mojawapo ilitumia darubini ndogo yenye upana wa sentimita 10. Hesabu yake unaweza kuifanya nyuma ya risiti. Mwanga hupungua kwa kama asilimia 1.5. Tafuta kipeuo cha pili cha 0.015, unapata 0.12: sayari ina asilimia 12 ya upana wa nyota yake. Nyota hiyo ni pana kuliko Jua kwa mara 1.2, na Jua ni pana kuliko Mshtarii kwa mara 10 hivi. Zidisha: sayari ni pana kuliko Mshtarii kwa karibu mara 1.4. Lakini uzito wake, uliopatikana kwa ile njia ya kuyumba, ni kama asilimia 70 tu ya Mshtarii. Pana zaidi, nyepesi zaidi. Msongamano wake ni kama theluthi moja ya ule wa maji. Laiti ingepatikana bahari ya kuitosha, ingeelea.

Kuna mtego mmoja ninaoupenda kuliko yote haya. Mtu aende Forodhani kila siku saa kumi na mbili asubuhi, apime kina cha maji, arudi nyumbani, asiangalie tena mpaka kesho saa ile ile. Baada ya miezi michache daftari lake litamwambia kuwa bahari hujaa na kupwa mara moja tu kwa wiki mbili. Kila kipimo chake ni sahihi, na jibu lake ni la ovyo, kama mvuvi yeyote atakavyomwambia.

Wanafalaki nao waliingia mtego huo, maana darubini za ardhini hufanya kazi usiku tu. Sayari 55 Cancri e ilipogunduliwa mwaka 2004, ilihesabiwa kuwa na mzunguko wa siku 2.8. Mwaka 2010 Rebekah Dawson na Daniel Fabrycky walizipitia upya namba hizo wakaonyesha kuwa mzunguko wa kweli ni saa 17 na dakika 40 hivi. Mwaka uliofuata vyombo vya angani, visivyojua usiku wala mchana, viliikuta ikikatiza kwa ratiba hiyo mpya. Ina upana wa karibu Dunia mbili, uzito wa Dunia nane.

Kepler-78b inazidi hata hiyo: mwaka wake ni saa 8 na nusu, na ni kubwa kuliko Dunia kwa moja ya tano tu. Taabu yake ni kwamba nyota yenyewe ina madoa, na madoa hayo huzalisha mtikisiko wa uongo mkubwa kuliko ule wa sayari, ambao haufiki hata mita 2 kwa sekunde. Kilichookoa kazi ni haraka ya sayari yenyewe. Nyota huchukua siku 12 na zaidi kujizungusha, hivyo ndani ya usiku mmoja madoa karibu yametulia, na chochote kinachobadilika upesi ni cha sayari. Mwaka 2013 timu mbili, kila moja na darubini yake, zilipata msongamano unaokaribiana na wa Dunia: mwamba na chuma.

Usidhani basi anga limejaa Mshtarii za moto, yaani majitu yaliyo karibu sana na nyota zake. Kwa nyota za aina ya Jua, sayari za namna ya 51 Pegasi b hazifiki hata moja kwa kila nyota 100. Zimejaa kwenye orodha za mwanzo kwa sababu wavu wetu ulikuwa wa matundu makubwa. Geuza meza: kungekuwa na mtu kule 51 Pegasi mwaka 1995, mwenye ELODIE yake, akalielekezea Jua letu, chombo hicho kilichokosea kwa kama mita 13 kwa sekunde kisingemwonyesha Dunia, wala Zuhura, wala pengine Mshtarii. Angeandika daftarini kuwa nyota hii imetulia, akahamia nyingine.