Je, wajua unene wa mgongo wa kitabu hujulikanaje kabla hakijachapwa?

Msanifu wa jalada hupima kitu ambacho bado hakipo. Jalada la kitabu cha karatasi laini huchapwa kama kipande kimoja: upande wa nyuma, mgongo, upande wa mbele. Mgongo ukikosewa hata kwa milimita 2, jina la kitabu linasogea kuelekea ukingoni na kazi nzuri inaonekana ya kubahatisha.

Tuseme mkulima wa Dodoma ameandika mwongozo wa kilimo cha zabibu, kurasa 240. Karatasi moja ina kurasa 2, kwa hiyo tunahesabu karatasi 120. Hapo ndipo wengi huteleza, wakihesabu kurasa badala ya karatasi.

Sasa unene. Ingia stashonari yoyote mjini, omba kupima rimu ya karatasi za gramu 80 kwa rula. Karatasi 500 hufikia kimo cha takriban milimita 50, yaani milimita 0.1 kila moja. Karatasi 120 ni milimita 12. Ongeza jalada lenyewe, mbele na nyuma: kadi ya gramu 250 ina kama milimita 0.3, hivyo mgongo unakuwa milimita 12.6.

Lakini gramu ni uzito wa karatasi kwa mita ya mraba, si unene wake. Ipo karatasi ya riwaya, nyepesi na iliyotuna, ambayo kwa gramu zilezile 80 hufika milimita 0.14. Kitabu chetu kingekuwa na mgongo wa milimita 17.4! Ndiyo maana, mswada ukiwa Dodoma na mpigachapa akiwa Dar es Salaam, rimu ya stashonari ya jirani haitoshi. Mwombe mpigachapa unene wa karatasi atakayotumia hasa, au bora zaidi, akufungie kitabu kitupu chenye kurasa hizohizo.

Wanaochapisha kupitia Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, hupewa kipimo cha kila ukurasa, si cha karatasi: inchi 0.0025 kwa karatasi ya rangi ya krimu, 0.002252 kwa nyeupe. Huko usigawanye kurasa kwa 2.

Kwa ukubwa wa A5, upana wote wa jalada letu ni 148 + 12.6 + 148, pamoja na milimita 3 za kukatwa kila upande: 314.6. Usiufunge mchoro kabla kurasa hazijatulia. Faharasa ya kurasa 16 ikiongezwa dakika za mwisho, mgongo unanenepa kwa milimita 0.8, na jalada zima linapangwa upya.