Siyo ruta iliyomaliza betri ya gari

Madereva wengi wanaamini kwamba ruta ndogo ya wifi ikiachwa kwenye tundu la kuwashia sigara usiku kucha, asubuhi gari haliwaki. Tupige hesabu. Ruta ya mfukoni hula kama wati 3. Ukiongeza zinazopotea kwenye chaja, fanya 4. Kwa volti 12, hiyo ni theluthi ya ampea. Kwa saa 10 itakuwa imekula ampea-saa (yaani ampea mara saa) 3 na kitu, na betri ya gari dogo huwa na kama 45. Betri nzima haitishiki na hilo. Za kuogopa ni taa kubwa: mbili za haloji, wati 55 kila moja, hula ampea 9. Tena kwenye magari mengi tundu hilo hukata umeme ukishazima gari na kuchomoa funguo.

Gari likigoma baada ya usiku mmoja tu, fundi umeme aipime betri yenyewe. Mara nyingi imechoka, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe na waya haushiki vizuri.

Ila ukiliegesha wiki nzima, chomoa ruta. Ampea-saa 8 kwa siku si haba. Siku ya 4 au ya 5 huenda starta isizungushe injini.