Mzazi Mtakatifu wa Mungu: neno tunalolipita mbio kila jioni

"Mwalimu, kama Maria ni Mzazi wa Mungu, Mungu alizaliwa lini?"

Aliyeuliza ni mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, mwezi wa kumi, tulipokuwa tumemaliza rozari chini ya mwembe wa parokia. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nilinyamaza kidogo, maana swali hilo hilo, likiulizwa na mtu mzima mwenye fimbo ya kiaskofu, lilimng'oa Nestorio kwenye kiti chake cha Konstantinopoli mwaka 431.

Kazi yangu ni kufundisha makatekista liturujia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa na maneno ya sala tulizozirithi na kuuliza kwa nini yalitafsiriwa hivi na si vile. Neno lililomsumbua mtoto yule limo katika sala ambayo Wakatoliki wengi wanaojua Kiswahili wanaisema wakiwa nusu usingizini: "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mzazi Mtakatifu wa Mungu." Inasaliwa mwisho wa rozari, kwenye jumuiya, kwenye msiba, kitandani. Mwaka 2018 Papa Fransisko aliwaomba waamini wote waisali kila siku mwezi wa Oktoba baada ya rozari. Bibi zetu hawakusubiri kuombwa.

Ni sala ya zamani mno. Katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester, Uingereza, kuna kipande kidogo cha mafunjo kilichonunuliwa mwaka 1917, kimetoka Misri, kimeliwa pembeni, na maandishi yake ni ya Kigiriki. Baada ya kuchapishwa mwaka 1938 wataalamu walitambua kwamba ni sala hii hii. Umri wake bado unabishaniwa: wapo wanaokiweka karne ya 3, wapo wanaokisogeza mbele kwa karne kadhaa. Sitaingia kwenye ugomvi huo. Linalonivuta ni neno moja linalosomeka humo: Theotoke. Mwandishi wake hakuwa akifafanua mafundisho wala kujibu hoja ya mtu. Alikuwa akiita, kama mtu anavyoita akiwa na shida.

Theotoke ndiyo namna ya kumwita Theotokos, na maana yake ni aliyemzaa Mungu. Walatini walikuwa na njia mbili za kulisema: Mater Dei, mama wa Mungu, na Dei Genitrix, aliyemzaa Mungu. Watafsiri wetu wakazitofautisha. Kwenye Salamu Maria waliandika "Mama wa Mungu". Kwenye Tunaukimbilia, kwenye litania na mwishoni mwa Malaika wa Bwana, waliandika "Mzazi Mtakatifu wa Mungu". Kwa miaka mingi nilifundisha tofauti hiyo kama jambo la sarufi tu, genitrix na mater, basi, tusonge mbele.

Kilichonibadilisha ni benchi la hospitali. Mke wangu alikuwa anajifungua mtoto wetu wa kwanza, nami nilikuwa nje pamoja na mama mkwe, aliyekuwa amejizungushia rozari ya plastiki mkononi na chupa ya mtori miguuni. Hakuwa anasali rozari yote. Alikuwa anarudia sala moja tu, Tunaukimbilia, na kila akifika "kila tuingiapo hatarini" sauti ilipungua. Mlango ukafunguka, muuguzi akachungulia: "Ndugu wa mzazi wa kitanda namba nne?" Mama mkwe akasimama, akasema, "Ni sisi, sista." Na mimi nikabaki nimekaa, nimeduwaa na neno.

Mzazi. Kwa Kiswahili cha vitabu vya shule ni baba au mama, yule anayeitwa kwenye kikao mtoto akifanya vibaya. Lakini kwenye wodi ya wazazi hakuna baba hata mmoja. Mzazi ni mwanamke aliyetoka kuzaa, mwenye maumivu bado, anayepelekewa supu na mtori, asiyeachwa peke yake. Tunasema "twende tukamwone mzazi" na kila mtu anajua ni nani na kwa nini tunabeba chakula. Tukisema "uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi", huyo huyo ndiye tunayemtaja.

Kwa hiyo ukimwita Maria Mzazi Mtakatifu wa Mungu, hujamwita kwa cheo tu. Umemwona Bethlehemu, kwenye hori, siku ile. Umemtaja Mungu pamoja na leba. Na neno linaungana na lile la Salamu Maria, "Yesu mzao wa tumbo lako", mzazi na mzao kutoka kitenzi kimoja, kuzaa, kitu ambacho Kilatini, chenye genitrix huku na fructus, tunda, kule, hakikukipata. Sijui kama watafsiri wa kale walikusudia yote haya. Nadhani lugha iliwasaidia kuliko walivyotarajia.

Sasa turudi kwa mtoto wa chini ya mwembe. Nestorio alikubali Maria aitwe Kristotokos, mzazi wa Kristo, akakataa kumwita mzazi wa Mungu: kiumbe atamzaaje Muumba? Ni swali la heshima, si la ukorofi. Jibu la Sirili, askofu wa Aleksandria, na la Mtaguso wa Efeso, mkutano wa maaskofu wa mwaka ule wa 431, kwa maneno yangu ya darasani, ni kwamba mama hazai umbile, anazaa mtu. Nilimwambia yule mtoto: mama yako anaitwaje mtaani? "Mama Juma." Roho ya Juma aliitoa wapi? "Kwa Mungu." Mbona hawamwiti Mama Mwili-wa-Juma? Akacheka, akaelewa. Maria hakumpa Mwana wa Mungu umungu wake, alimpa mwili, lakini aliyezaliwa ni mmoja, na huyo mmoja ni Mungu. Jina Mama Juma linaanzia kwa Juma. Na kile kilichoamuliwa Efeso kilikuwa kwanza habari za Yesu. Maria alipata jina lake kutoka kwa Mwanawe, kama wanawake wa mtaani kwetu. Sirili mwenyewe aliandika kwamba usiku wa uamuzi huo watu wa mji waliwasindikiza maaskofu kwa mienge hadi walikofikia. Hebu fikiria, mienge kwa ajili ya neno.

Kuna upande mgumu zaidi, na marafiki zangu wa kilokole huugusa bila hata kujua wamegusa panapouma. Wakiniuliza kwa nini tunamwabudu Maria, huwaonyesha litania. Isikilize itikio linavyogeuka: mbele ya Baba, Mwana na Roho Mtakatifu tunaitikia "utuhurumie", tukifika "Maria Mtakatifu", itikio linakuwa "utuombee" na halirudi nyuma mpaka tumfikie Mwanakondoo wa Mungu. Mama asiyejua kusoma anaijua zamu hiyo bila kufundishwa teolojia. Maaskofu wa Mtaguso wa Vatikano wa Pili nao walibishana sana juu ya mahali pa Maria: tarehe 29 Oktoba 1963 walipiga kura kama sura yake iingizwe ndani ya hati juu ya Kanisa au apewe hati yake mwenyewe, na waliotaka awe ndani ya Kanisa walishinda kwa 1,114 dhidi ya 1,074. Kura 40 tu. Mimi ningepiga na walioshinda.

Lakini Tunaukimbilia haisemi "utuombee". Inasema "utuokoe siku zote". Hapo rafiki mlokole akisikia vizuri atanibana, na ana haki. Kilatini ni libera nos, kitenzi kile kile cha Baba Yetu, ambako sisi tunasema "utuopoe maovuni". Watafsiri wetu waliweka kuopoa kwa Baba na kuokoa kwa Maria. Ningekuwa mimi, ningebadilishana. Ila sioni aibu ya kuisema kama ilivyo. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba amekuwa hali zote kwa watu wote ili awaokoe baadhi yao, na hakuna anayemshtaki kwamba amejipachika nafasi ya Kristo. Mama akimvuta mtoto mbele ya bodaboda tunasema amemwokoa, na hatuendi kumjengea altare. Kwenye Kigiriki cha sala hii, kinachokimbiliwa ni eusplankhnia, huruma, na ndani ya neno hilo kuna matumbo. Huruma ya tumboni. Praesidium ya Kilatini iliigeuza kuwa ngome, nasi tukapata "ulinzi", neno zuri la askari getini, lakini joto likapungua. Bahati nzuri "Mzazi" analirudisha mstari uo huo.

Ndiyo maana karatasi moja ya sala iliyoletwa kwenye jumuiya yetu hivi karibuni ilinikera. Imechapwa vizuri, ina picha ya rangi, na mchapaji, kwa nia njema bila shaka, ameandika "Tunaukimbilia ulinzi wako, Mama Mtakatifu wa Mungu". Inaeleweka zaidi, aliniambia mwenyekiti wa jumuiya. Vijana wanashangaa "mzazi". Nikamwambia waache washangae. Hakuridhika, na Alhamisi ile tulisali kwa sauti mbili, nusu Mama, nusu Mzazi, kama kwaya isiyofanya mazoezi.

Jioni nyumbani nikachukua kalamu nikaanza kusahihisha nakala zilizobaki, moja moja, mezani. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akauliza naandika nini muda wote huo.

"Mzazi."

"Wa kitanda namba ngapi?" akasema, akaendelea kukunja.