Kaskazi, Januari na sufuria inayobaki: mgahawa mdogo wa Pwani uvuke vipi miezi ya joto

Kuanzia katikati ya Desemba hadi Machi, mchana wa Dar es Salaam, Tanga na Unguja hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari hufanya joto lihisike zaidi ya hapo. Mtu aliyekuwa akimaliza sahani ya ugali na maini saa 7 mchana sasa anataka kitu cha baridi na kivuli. Ndiyo miezi hiyohiyo ambayo mfuko umekauka: sikukuu zimepita, shule zimefunguliwa, ada na sare zinadaiwa. Ramadhani nayo, kwa kuwa hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, imeingia humohumo. Mwanzo wa mfungo wa 2026 ni nusu ya pili ya Februari. Wa 2027 unatangulia hapo.

Wateja watapungua, hilo halizuiliki. Ila kinachokata mtaji ni chakula kilichopikwa kwa ajili ya mteja ambaye hakuja.

Chukua mgahawa unaouza sahani ya wali, maharage na samaki kwa shilingi 3,000. Mchele, mafuta, nyanya, samaki na gesi ya sahani moja ni 1,800, hivyo inabaki 1,200. Kodi ya chumba, mishahara, umeme na ulinzi, ukivigawa kwa siku, ni 42,000. Sahani 35 zinarudisha gharama. Faida inaanza sahani ya 36. Sasa mwenye mgahawa anaona meza tupu, anashusha bei hadi 2,500. Kila sahani sasa inabakiza 700 tu, na ili arudishe zilezile 42,000 inabidi auze sahani 60, tena katika mwezi ambao 40 zenyewe ni za kubahatisha. Punguzo la shilingi 500 limekaribia kumzidishia kazi maradufu. Na akimwaga sahani 6 jioni, amemwaga shilingi 10,800, yaani kilichobaki kwenye sahani 9 alizouza.

Kwa hiyo usishushe bei, punguza kipimo. Wali nusu kwa 2,000, uliogharimu 1,100, unabakiza 900 na unamfaa mtu ambaye joto limemkata hamu. Uandike ubaoni. Mteja mwenye haya hataki kuuliza.

Jikoni, pika kwa awamu. Kilo 1 ya mchele hutoa sahani 8 au 9 za gramu 300. Badala ya kubandika kilo 5 saa 5, pika kilo 2 na nusu ziive saa 6 kasorobo. Pima kilo 1 na nusu nyingine, uziweke kando zikiwa kavu. Ikifika saa 6:45 na sufuria ya kwanza imefika nusu, osha na ubandike. Baada ya dakika 30 wali uko tayari. Ikiwa haijafika nusu, mchele unarudi kwenye gunia. Kosa la kawaida hapa ni kuuosha na kuuroweka mapema "ili uwe tayari": ukikaa majini kwenye joto hili huanza kuchacha na punje hukatika, na hapo huna tena la kurudisha.

Maharage yachemshe yote kwa pamoja, lakini uyaunge nusu kwa nusu. Yaliyochemshwa kwa maji na chumvi hukaa kwenye friji siku 3. Yakishatiwa tui, jioni yanatoa povu.

Hapa joto lina ujanja ambao wengi hawauoni. Chakula kinachoachwa juu ya meza kwenye chumba cha nyuzi 32 hakiwezi kupoa chini ya nyuzi 32, hata kikae usiku kucha, na bakteria huzaliana kati ya nyuzi 5 na 60. Kusema "kimeshapoa" ni kujidanganya. Sufuria nzima ikiingizwa kwenye friji nayo hubaki na uvuguvugu katikati kwa saa nyingi, na inapasha joto vilivyo jirani. Mimina chakula kwenye trei kina cha vidole vitatu, kalisha trei juu ya beseni la maji ya barafu, koroga, kisha iingize kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kiepuliwe.

Wali ndio wa kuogopwa zaidi. Kuna bakteria wa mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu hizo huchipua na bakteria hutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto ukatoa moshi. Hotipoti iliyofunikwa vizuri huulinda saa chache. Inayofunguliwa kila dakika 5 hugeuka kiota. Nunua kipimajoto cha chakula chenye sindano, ukichome katikati. Ukikuta wali ulio chini ya nyuzi 60 na hujui umeshuka tangu saa ngapi, ni wa kutupa.

Friji nalo huteseka. Lisogeze sentimita 10 kutoka ukutani, mbali na jiko, na kila mwezi safisha nyavu za nyuma kwa brashi, kwa sababu vumbi likichanganyika na mafuta ya kukaangia huzuia joto kutoka na mota haipumziki. Bana noti kwenye mlango na uivute: ikitoka bila kukaza, mpira umechoka. Una friza mbili na zote zimejaa nusu? Hamishia vitu kwenye moja, zima ya pili, mlango wake uuache wazi kidogo usiote ukungu.

Meza ziangaliwe pia. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kinyume na kusi ya Juni na Julai. Jiko lililokuwa likitoa moshi barabarani sasa linaupeleka puani mwa wateja. Lihamishie upande wa kusini magharibi wa meza. Paa la bati lipigwe chokaa nyeupe (masika itaiosha, lakini ni rahisi kurudia) na uache uwazi wa sentimita 20 chini ya kilele, hewa moto ipate pa kutokea.

Vinywaji ndivyo vinavyoweza kuziba pengo. Nusu kilo ya ukwaju hutoa lita 3 na nusu za juisi, yaani glasi 11 au 12 za mililita 300, na kwa ukali wake huvumilia kwenye deli lenye barafu siku nzima. Tikiti na parachichi haviwezi. Saga mteja akiagiza. Barafu ya kutia kwenye glasi itokane na maji yaliyochemshwa, na barafu iliyolaza samaki isiikaribie kamwe.

Wakati wa mfungo, wali wa mchana upunguze hadi theluthi na nguvu uzipeleke kwenye futari ya kubeba: mihogo, magimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu. Pokea oda kwa simu hadi saa 6 mchana ili usipike kwa kukisia, na uuze kwa bakuli la familia. Nazi ikunwe na kukamuliwa alasiri. Tui la asubuhi huchacha kabla ya adhana. Tui zito litiwe dakika 10 za mwisho, ukikoroga lisikatike.

Zamu ya jioni isiyo na watu ipimwe kwa gharama zinazokoma ukifunga tu. Mhudumu 8,000, taa na feni 2,000, nauli ya usiku 2,000: jumla 12,000, yaani sahani 10. Kodi ya chumba usiihesabu, maana utailipa ukifungua au ukifunga. Wiki mbili mfululizo chini ya sahani 10, funga jioni.

Kinachowaangusha wengi Februari ni mkopo wa kausha damu. Tuseme umechukua 200,000, unarejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Umelipa 260,000, na kila siku sahani 8 na zaidi zimeuzwa kwa niaba ya mkopeshaji. Awamu ya kwanza ya kodi ya mapato nayo inadaiwa mwisho wa Machi. Makadirio yakizidi hali halisi, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na daftari la mauzo kabla ya tarehe hiyo ukaombe yaangaliwe upya.

Na kodi ya chumba: anayelipa miezi sita kila Julai hudaiwa tena Januari, wakati mbaya kuliko wote. Mwombe mwenye nyumba, Julai ijayo, akupokelee ya miezi minne mara hiyo moja, ili zamu zihamie Novemba na Mei.