Haki ya mtumishi wa umma kugoma: maana yake ni nini?

Punda akigoma njiani hajatoroka wala hajatupa mzigo. Amesimama, na mwenye punda atambue kuna kitu. Mfanyakazi aliyegoma naye hajaacha kazi. Mkataba wake ungalipo. Yeye na wenzake wameusimamisha kwa muda mpaka mwajiri akubali kukaa mezani. Mmoja akibaki nyumbani kwa hasira zake ni mtoro, lakini chama kilichotoa notisi kimegoma. Upo pia mgomo baridi: watu wanafika, wanasaini daftari la mahudhurio, na mafaili hayasogei. Sheria ya Tanzania inauhesabu huo nao kuwa mgomo, kwa sababu kusimamisha sehemu ya kazi ni kusimamisha.

Haki ya kugoma, basi, ni kinga. Aliyefuata utaratibu hafukuzwi wala hashtakiwi kwa kuvunja mkataba, ingawa mwajiri halazimiki kumlipa siku alizogoma. Utaratibu huanza na usuluhishi, na ukishindikana ndipo inapotolewa notisi: siku 7 kwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya Kenya ya 2007, saa 48 kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya 2004. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 41, inampa haki hiyo kila mfanyakazi. Wanajeshi na polisi ni suala jingine. Kenya, katiba inaruhusu sheria iwawekee mipaka. Tanzania, haki ya kugoma iliyo katika sheria hiyo ya ajira haiwahusu wanajeshi, polisi, askari magereza wala Jeshi la Kujenga Taifa. Hapo sina ubishi. Aliyekabidhiwa silaha za nchi asizitumie kudai mshahara, hata kwa kuziweka chini.

Ubishi uko kwa mwalimu, muuguzi, daktari, karani wa halmashauri. Mgomo wa kiwandani humgusa mwenye kiwanda mfukoni: bidhaa hazitoki, wateja wanahama, naye anaita mazungumzo. Serikali haina mauzo ya kupoteza. Walimu wakigoma mwezi mzima, Hazina haipungukiwi kitu, pengine inabaki na mishahara. Anayepungukiwa ni mtoto wa mtu asiye na ada ya shule binafsi. Na mwajiri huyohuyu ndiye anayepeleka bungeni sheria ya migomo, anayepanga bajeti, na mwenye polisi. Kwa hiyo shinikizo la watumishi hupitia kwa mwananchi kabla ya kumfikia aliyekusudiwa. Wanaopinga haki hii wanaanzia hapo, na wana hoja: mgonjwa wa wilayani hana hospitali ya pili ya kukimbilia.

Jibu la sheria kwa hoja hiyo linaitwa huduma muhimu, na dhana hii ndiyo inayopotoshwa kuliko zote. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, ILO, ni kimoja: je, huduma hii ikisimama, maisha, usalama au afya ya watu itakuwa hatarini? Hospitali, maji, umeme, zimamoto na waongozaji wa ndege wamo. Shule hazimo. Mtoto kukosa masomo kunauma, lakini hakuui. Tanzania imefuata njia hiyo kwa karibu. Kenya imeongeza vivuko, na mtu wa Likoni, Mombasa, anayevuka kwa feri kila siku haulizi kwa nini, lakini imeongeza pia posta na serikali za mitaa, na hapo kipimo kimepotea. Karani wa leseni hana roho ya mtu mkononi. Kuchelewa kwa kazi yake ni usumbufu, na kila mgomo ni usumbufu, la sivyo usingekuwa mgomo.

Kuna nusu ya pili ya dhana hii ambayo serikali zetu huisahau. ILO husema aliyenyimwa mgomo apewe kitu badala yake: chombo cha uamuzi kisichopendelea, cha haraka, na ambacho uamuzi wake unazifunga pande zote mbili. Yaani katazo ni deni. Ujerumani inawakataza kugoma watumishi wake wa kudumu, walimu wengi wakiwemo, lakini imewapa ajira ya maisha na wajibu wa kikatiba wa kuwatunza ipasavyo. Unaweza kuikataa biashara hiyo, lakini angalau pande zote mbili zimetoa kitu.

Sasa tazama madaktari wa Kenya. Juni 2013 chama chao, KMPDU, kilitia saini na serikali mkataba wa pamoja wa mishahara na mazingira ya kazi. Mkataba haukutekelezwa. Serikali ikaja kusema haukusajiliwa mahakamani, kwa hiyo hauifungi. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waligoma, na mahakama ikawaamuru warudi. Februari 2017 maafisa saba wa chama walifungwa kwa kuidharau amri hiyo, wakaachiliwa baada ya siku mbili ili mazungumzo yaendelee. Mgomo ulikwisha Machi 14, siku ya 100. Mwaka huohuo wauguzi waligoma kwa takriban miezi mitano. Machi 2024 madaktari walitoka tena, safari hii kwa siku 56, na moja ya madai makubwa ilikuwa malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwalipa 70,000.

Wakati wote huo hospitali zilikuwa kwenye orodha ya huduma muhimu, na sheria inasema humo hakuna kugoma. Katazo lilikuwepo, na wagonjwa wakakosa madaktari siku 100. Kilichokosekana ni ile nusu ya pili. Wanasheria hutofautisha mgogoro wa maslahi, yaani kudai kipya, na mgogoro wa haki, yaani kudai ulichokwishaahidiwa. Wa pili huamuliwa na mahakama, haugomewi. Lakini madaktari walikuwa wanadai kilichokwisha kutiwa saini, na sahihi haikumfunga mwajiri. Ukimzibia mtu mlango wa mgomo na mlango wa mkataba kwa pamoja, atavunja mmojawapo.

Kwa hiyo mimi nasema watumishi wa umma wawe na haki hii, hata wa hospitali, kwa sharti la kiwango cha chini cha huduma. Sheria ya Tanzania ina kifungu kinachofaa: walio katika huduma muhimu wanaweza kugoma ikiwa wana makubaliano na mwajiri kuhusu huduma zitakazoendelea wakati wa mgomo, yakiwa yameidhinishwa na Kamati ya Huduma Muhimu. Makubaliano hayo yaandikwe siku za amani, si usiku wa kuamkia mgomo, na yataje wodi kwa wodi: chumba cha kujifungulia, wagonjwa mahututi, dharura, watoto wachanga, mashine za figo, na idadi ya wahudumu kwa kila zamu. Kliniki za kawaida na upasuaji unaoweza kusubiri vifungwe, na waziri aulizwe kila asubuhi vitafunguliwa lini.